Nyumba Njema Si Mlango: Siri za Kuta za Brunswick Square

Wahenga walituambia kwamba nyumba njema si mlango, sharti uingie ndani. Methali hii ni ya kwetu pwani, lakini sijaona mahali inapofaa zaidi kuliko katika mji wa Hove, ulioko kusini mwa Uingereza kando ya bahari, kiasi cha kilomita 80 kutoka London.

Huko Hove kuna uwanja uitwao Brunswick Square, na katika uwanja huo mna nyumba nambari 13. Ukisimama nje utaapa kwamba imejengwa kwa mawe makubwa ya kuchongwa, yaliyopangwa na mafundi wa mfalme. Ukweli wenyewe ni mwingine kabisa, na ndio ulionifanya nishike kalamu leo.

Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi nyumba hiyo ilivyojengwa, nani aliyeichora, nani aliyekaa juu na nani aliyekaa chini, na jinsi mtaa mzima ulivyoponea chupuchupu kubomolewa. Huenda mtu akauliza, je, sisi na nyumba za Waingereza tuna nini? Jibu langu ni kwamba ukuta wa chokaa hauna kabila wala taifa. Ukitunzwa hudumu, na ukipuuzwa huanguka, uwe Hove au uwe Lamu.

MJI ULIOKUZWA NA MAJI YA CHUMVI

Jirani wa Hove ni Brighton, na haiwezekani kuieleza habari ya mmoja bila ya mwenzake. Siku hizi miji hii miwili ni kitu kimoja, kwani iliwekwa chini ya halmashauri moja mwaka 1997 na ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Lakini zamani Brighton kilikuwa kijiji cha wavuvi, na Hove hakikuwa hata na sifa hiyo.

Mambo yalianza kubadilika baada ya mwaka 1750. Mwaka huo daktari aliyeitwa Richard Russell alitoa kitabu kwa lugha ya Kilatini, akidai kwamba maji ya bahari yanaponya maradhi ya tezi. Hakuwaambia wagonjwa waoge tu, bali pia wayanywe! Matajiri waliokuwa na maradhi, na wengine ambao hawakuwa na maradhi yoyote ila kuchoshwa na London, wakaanza kumiminika pwani.

Mwaka 1783 akaja mgeni aliyewavuta wengine wote. Huyo alikuwa George, mwana wa Mfalme George wa Tatu. Alikuwa kijana mpenda anasa, na mji ulimpendeza. Mwaka 1811, baba yake alipokuwa amerukwa na akili, alifanywa kaimu wa mfalme, na mwaka 1820 akawa Mfalme George wa Nne. Jumba lake la Brighton lilijengwa upya na John Nash kuanzia mwaka 1815, likatiwa makuba na minara kama ya majumba ya Bara Hindi. Lipo hadi leo, na mgeni asiyejua habari zake hudhani amepotea njia.

Penye mfalme hapakosi watu. Hesabu ya mwaka 1801 ilionyesha kwamba Brighton ilikuwa na watu 7,339. Kufikia mwaka 1831 walikuwa wamepita 40,000. Miongoni mwa waliopata riziki huko alikuwa Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna huko Bara Hindi, aliyefungua nyumba ya kuogea kwa mvuke na kuwasinga wateja wake. Sifa zake zilienea hata akateuliwa kumhudumia mfalme mwenyewe. Basi msomaji asidhani kwamba pwani hiyo ilijengwa na Waingereza peke yao.

Watu wote hao walihitaji mahali pa kulala. Na mtu wa cheo hakutaka kulala popote tu. Alitaka nyumba yenye sura ya kasri, hata kama angeikodi kwa miezi michache tu ya msimu.

KASISI NA MCHORAJI

Magharibi ya mpaka wa Brighton, upande wa Hove, palikuwa na mashamba ya Wick. Mwenye mashamba hayo alikuwa kasisi aliyeitwa Thomas Scutt. Kasisi huyo aliona jinsi majirani zake walivyokuwa wakitajirika kwa kuuza viwanja, naye akaamua kwamba shamba lililo mbele ya bahari halifai tena kupandwa nafaka.

Mtu aliyemchorea mji wake alikuwa Charles Augustin Busby. Alizaliwa mwaka 1786, akafanya kazi London, kisha akaishi Marekani kwa miaka michache kabla ya kurudi kwao na kuhamia Brighton. Kazi ya ujenzi ilianza katikati ya miaka ya 1820, na mtaa ukaitwa Brunswick, ambalo ni jina la ukoo wa wafalme wa wakati huo.

Busby hakuchora nyumba moja moja. Alichora mji kamili. Katikati aliweka uwanja wa majani, wenye nyumba pande tatu, na upande wa nne akauacha wazi uelekee baharini. Kando ya barabara ya pwani alipanga safu mbili ndefu za nyumba zenye nguzo nene, ambazo vichwa vyake vimechongwa mfano wa majani, kwa mtindo wa Wayunani na Warumi wa kale. Nyuma ya nyumba kubwa akaweka vichochoro vya mabanda ya farasi na magari yao, nyumba za mafundi na wachuuzi, na soko lililofunguliwa mwaka 1828. Tajiri alitazama bahari, na aliyemtumikia alitazama mgongo wa nyumba ya tajiri.

Sasa sikilizeni ujanja wa biashara yenyewe. Kasisi Scutt hakuzijenga nyumba hizo kwa fedha zake. Viwanja viligawanywa vipande vipande, na kila kipande kikachukuliwa na mjenzi au mwenye fedha kwa masharti. Sharti kubwa lilikuwa kwamba uso wa nyumba ujengwe sawasawa na mchoro wa Busby, bila ya kupunguza wala kuongeza. Lakini nyuma ya uso huo, kila mtu alikuwa huru kujenga apendavyo na kwa kadiri ya mfuko wake.

Matokeo yake ni kwamba nyumba za Brunswick Square zinafanana kwa mbele kama askari waliovaa sare, huku zikitofautiana kwa nyuma kama watu waliovua sare hizo. Mgeni akipita barabarani huona kasri moja kubwa. Akizunguka nyuma huona madirisha yasiyolingana, vibanda vya kuongezea na mabomba yaliyopishana. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile methali yetu.

UKUTA WA KOKOTO NA VIPANDE

Jambo la kustaajabisha zaidi limefichwa ndani ya kuta zenyewe.

Ardhi ya sehemu hiyo ya Uingereza ni ya chaki, na ndani ya chaki mna mawe magumu meusi yanayotoa cheche yakigongwa. Pwani nayo imejaa kokoto. Mawe mazuri ya kujengea hayapatikani karibu. Matofali yalikuwepo, lakini serikali iliyatoza kodi tangu mwaka 1784 hadi mwaka 1850, na mjenzi anayetafuta faida hapendi kulipia kodi kitu kitakachofunikwa kwa lipu.

Basi wakatumia njia ya wenyeji, iitwayo bangarushi. Fundi alisimamisha mbao pande mbili mfano wa sanduku lisilo na kifuniko. Ndani yake akatupa mawe, kokoto, vipande vya matofali yaliyovunjika, mchanga na chokaa, yaani chochote kilichokuwa karibu na mkono wake. Chokaa ikishashika, mbao zilipandishwa juu na kazi ikaendelea. Matofali mazima yaliwekwa mahali pa lazima tu, kama vile kwenye pembe, kandokando ya madirisha, na mistari michache ya kufunga ukuta. Mara nyingi vipande vya mbao navyo vililazwa humo humo kuunganisha kazi.

Ukuta wa namna hii una tabia zake. Unataka unyevu kidogo, lakini si mwingi. Ukikauka mno chokaa hugeuka vumbi, na ukilowa mno huyeyuka, na zile mbao zilizofichwa huoza kimyakimya. Wenyeji wa Brighton wana mzaha wao, kwamba nusu ya mji wao ingeweza kubomolewa kwa mpira mmoja wa maji.

Juu ya mchanganyiko huo ndipo ilipopigwa lipu laini. Kisha fundi akachora mistari juu ya lipu kabla haijakauka, ili ionekane kama mawe makubwa yaliyopangwa. Hatimaye ikapakwa rangi ya mafuta. Hivyo ndivyo kokoto za ufukweni zilivyovishwa nguo za kifalme.

Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa akisikia habari hizi hatashangaa sana. Mababu zetu nao walijenga kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, wakayashika kwa chokaa iliyochomwa kienyeji, wakapiga lipu juu yake. Tofauti iko katika nia. Nyumba ya mawe ya Lamu huonyesha barabarani ukuta mtupu tu, na mapambo yake, zile zidaka zilizopangwa ukutani, yamewekwa ndani kabisa ambako mgeni hafiki ila kwa ruhusa. Nyumba ya Hove imefanya kinyume. Uzuri wake imeutundika nje kwa wapita njia, na uchafu wake ikauficha moyoni mwa ukuta. Sisemi nani ana haki. Nasema tu kwamba chokaa ile ile hutumikia tabia mbili.

NDANI YA NAMBARI 13

Nyumba nambari 13 inajulikana sasa kwa jina la Regency Town House, na inaendeshwa kama jumba la urithi. Nilipoitembelea tulikuwa kikundi kidogo, na aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja wa kujitolea, mpole wa maneno, aliyekuwa akiigusa kila fremu ya mlango kama mtu anayemshika mjukuu wake kichwani.

Jambo la kwanza nililoliona ni wembamba wa nyumba. Nyumba hizi ni za safu. Kila moja imeegemea jirani zake kulia na kushoto, na ukuta wa katikati ni wa watu wawili. Kwa hiyo haiwezi kupata mwanga wa ubavuni. Mwanga wote sharti uingie kwa mbele, kwa nyuma, au kwa juu. Ndiyo sababu pale penye ngazi wameweka kidirisha cha kioo kwenye paa, na mwanga hushuka kutoka juu hadi chini kama maji kisimani.

Sehemu ya mbele haikunyooka, bali imebenuka kuelekea nje mfano wa tumbo la mtungi. Nilidhani ni urembo tu, lakini ubenukaji huo una kazi. Mtu aliyesimama dirishani anaweza kutazama kushoto na kulia, na kwa hiyo hata nyumba isiyoikabili bahari hupata kipande chake cha bahari. Kwa aliyekuwa akikodisha nyumba msimu wa kuoga, kipande hicho kilikuwa fedha.

Chumba cha kulia kilikuwa chini, usawa wa mlango wa mbele. Chumba cha kupokelea wageni kilikuwa orofa ya kwanza, nacho ndicho fahari ya nyumba. Dari ni refu, limepambwa kwa maua ya plasta ukingoni. Madirisha yanakaribia kugusa sakafu, na nje yake mna roshani ya vyuma. Kati ya sebule ya mbele na ya nyuma kuna milango mipana, ambayo ikifunguliwa vyumba viwili huwa ukumbi mmoja wa kuchezea dansi.

Mzee wetu alituonyesha jinsi madirisha yanavyofanya kazi. Kila dirisha lina fremu mbili zinazoteleza juu na chini, na ndani ya miimo ya mbao mmefichwa vipande vizito vya chuma vilivyofungwa kamba. Uzito wa chuma unalingana na uzito wa kioo, hivyo hata mtoto anaweza kulipandisha dirisha kubwa kwa mkono mmoja. Kandokando yake kuna mbao za kufungia dirisha usiku, zinazokunjwa na kuingia ukutani zisionekane mchana. Fundi seremala aliyefanya kazi ile hakuwa mtu wa mchezo.

Kitu kingine alichotufunza ni kuisoma nyumba kutoka nje. Hesabu madirisha, alituambia, utajua nani alikaa wapi. Orofa ya kwanza ina madirisha marefu kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo bwana na bibi walipokaa na wageni wao. Orofa ya juu yake, yenye vyumba vya kulala, madirisha yake ni mafupi zaidi. Juu kabisa, chini ya paa, madirisha ni madogo mno, kwa kuwa huko walilala watoto na vijakazi. Ukuta mmoja umetangaza cheo cha kila mtu bila ya kusema neno.

WALIOKAA CHINI YA BARABARA

Lakini kuna watu ambao madirisha yao hayaonekani kabisa mpaka uinamie chuma cha ukingoni mwa barabara na kutazama chini. Huko ndiko walikofanyia kazi watumishi.

Mradi wa Regency Town House unatunza pia sehemu ya chini ya nyumba nambari 10 katika uwanja huo huo, kwa sababu mpangilio wa vyumba vya watumishi huko haukuharibiwa sana. Tulishuka ngazi nyembamba. Mlikuwa na jiko, chumba cha msimamizi wa watumishi, chumba ambamo watumishi walikula, ghala ya mvinyo, na kabati la kuhifadhia nyama isiingie nzi. Hewa ilikuwa baridi na kuta zilinuka unyevu.

Fikirini kazi yenyewe. Nyumba hizi hazikuwa na umeme. Kila chumba kilipashwa moto kwa makaa ya mawe, na makaa hayo yalimwagwa kupitia tundu la barabarani hadi kwenye shimo lililo chini ya njia ya miguu. Kutoka hapo msichana alichukua ndoo, akapanda nayo orofa baada ya orofa, akawasha meko asubuhi kabla bwana hajaamka. Kisha alishuka na majivu. Akapanda tena na maji ya moto ya kuogea. Akashuka tena na maji machafu, pamoja na vyombo vya haja vya usiku. Chakula kilipikwa chini na kuliwa juu, na aliyeagiza chakula hakujua hesabu ya ngazi.

Ngazi zenyewe zilikuwa na tabaka. Ile ya mawe, pana na yenye mwanga, iliishia katika orofa za mabwana. Kule chini kwa watumishi na kule juu walikolala, njia ilikuwa nyembamba na ya kawaida tu. Msichana mmoja aliweza kuishi miaka mingi katika nyumba ile akilala juu kabisa na kufanya kazi chini kabisa, na sehemu ya katikati akiipita tu akiwa amebeba kitu.

Wasomaji wa Nairobi wanaozifahamu zile nyumba za mitaa ya wakoloni, zenye vyumba vya maboi vilivyojengwa nyuma karibu na ua, hawatahitaji kuelezwa zaidi. Huko Hove walikosa ardhi ya kuwaweka watumishi nyuma ya nyumba, basi wakawaweka chini yake.

Nilifurahi kuona kwamba wanaoitunza nyumba hii hawaoni haya kuionyesha sehemu hiyo. Majumba mengi ya fahari duniani huonyesha kitanda cha bwana na kufunga mlango wa jiko. Hapa jiko ni nusu ya hadithi.

ILIVYOPONEA CHUPUCHUPU

Mwaka 1830 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalum kwa ajili ya mtaa huu mdogo. Ikaundwa kamati ya makamishna wa kusimamia taa, usafi na ulinzi wa barabara zake. Na tangu mwanzo wenye nyumba walitakiwa wazipake rangi kila baada ya muda, maana upepo wa chumvi hula lipu kama mchwa alavyo mbao.

Busby mwenyewe hakuufaidi mji aliouchora. Mwaka 1833 alifilisika, na mwaka 1834 akafa kabla hajatimiza miaka 50. Thomas Read Kemp, mwenye mtaa kama huu upande wa mashariki ya Brighton, naye aliikimbia nchi mwaka 1837 kwa sababu ya madeni. Biashara ya nyumba za fahari iliwanufaisha wachache na kuwameza wengi.

Mwaka 1841 reli ya kutoka London ilifika Brighton, na watu wa kila namna wakaweza kwenda pwani na kurudi siku hiyo hiyo. Miaka ilivyosonga, familia zenye watumishi wengi zikapungua. Katika karne ya 20 nyumba nyingi za uwanja huu zilikatwakatwa zikawa fleti na vyumba vya kupanga. Kuta za mbao zikapita katikati ya sebule za dansi, na masinki yakatundikwa chini ya maua ya plasta.

Mwaka 1935 jengo la Embassy Court, lenye orofa 11, lilijengwa ubavuni mwa safu ya Brunswick Terrace, kazi ya mchoraji Wells Coates. Lilikuwa jeupe, la kisasa, lenye umeme na lifti. Sir Herbert Carden, mwanasiasa mkubwa wa Brighton, alilipenda hata akataka ufuo wote ujengwe hivyo, na majengo ya kale yaondolewe. Mwaka 1945, vita vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha, ulitolewa mpango wa kubomoa nyumba za Brunswick na kujenga mpya mahali pake.

Tusiwacheke watu waliofikiri hivyo. Walikuwa wakitazama kuta zinazovuja, vyumba vya giza na mbao zilizooza, wakati watu walikuwa wakihitaji makao. Lakini wengine waliona kwamba kitu kikishabomolewa hakirudi. Mwaka huo huo wa 1945 wakaunda Regency Society, chama cha kutetea majengo hayo, nacho kingali hai. Mpango ukaachwa. Leo nyumba za Brunswick Square zimo katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, katika daraja la kwanza, na mwenye nyumba hawezi kubadilisha hata fremu ya dirisha bila ya idhini.

Sheria ya rangi nayo haikufa. Chini ya sheria ya halmashauri ya Hove ya mwaka 1976, wenye nyumba wa mtaa huu hutakiwa kuzipaka upya kila baada ya miaka mitano, na wote kwa rangi moja ya maziwa. Kwa hiyo lile vazi la Busby halijachakaa.

DAWA ILIYO SUMU

Nambari 13 imekuwa ikirekebishwa tangu miaka ya 1980, na kazi ingali inaendelea. Wengi wa wanaoifanya ni watu wa kujitolea. Hawana haraka. Katika kazi ya namna hii ukuta hukwanguliwa rangi moja baada ya nyingine, mpaka ile ya kwanza kabisa ionekane, ndipo mtu aseme chumba kilikuwa cha rangi gani. Vyumba vingine vinaonyesha bado madonda yake, na mgeni huweza kuona lipu ilipobanduka na kokoto zilizo nyuma yake.

Mbele ya ukuta kama huo ndipo nilipolielewa jambo kubwa la ziara yangu. Katika karne ya 20 mafundi wengi walitengeneza nyumba za namna hii kwa saruji. Saruji ni ngumu, hushika upesi, na mwenye nyumba hufurahi akiiona. Lakini ukuta wa chokaa hupumua. Maji yanayoingia ndani yake hutoka tena polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji umeuziba pua. Maji hubaki ndani, chokaa hulainika, mbao zilizofichwa huoza, na siku moja lipu hubanduka pamoja na kipande cha ukuta. Kinachoonekana kuwa dawa huwa sumu.

Siku hizi mafundi wanaojua kazi wamerudia chokaa, ingawa hushika polepole na hudai subira. Kazi hiyo ni ghali, na waijuao ni wachache.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanatuhusu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba zake za matumbawe na chokaa zina maradhi yale yale yakipigwa saruji. Nimeona mwenyewe kuta za pwani zilizofunikwa kwa saruji nzuri ya kijivu, na mwaka wa pili au wa tatu chumvi ikaanza kuchomoza, ukuta ukavimba kama mtu mwenye jipu. Mwenye nyumba humlaumu babu yake kwa kujenga vibaya, kumbe babu hana kosa.

Shime basi, wenye nyumba za chokaa. Kabla ya kununua mfuko wa saruji, mtafuteni fundi mzee anayejua kuchoma na kuloweka chokaa, na mumpe kijana wa kujifunza kwake. Uso wa nyumba za Hove unalindwa na sheria ya Bunge na kopo la rangi kila mwaka wa tano. Lakini zimesimama karibu miaka 200 kwa sababu wako watu waliokubali kuingia ndani, wakauchunguza ukuta ulivyo, wakautendea kwa tabia yake.